Bango la Mama Thabiti

Jumatatu, 3 Juni

Baridi ya Mbinga haina adabu. Nimevaa masweta mawili na bado vidole vinagoma kushika kalamu. Nyumbani Ngumbo saa hizi watu wamekaa nje na kanga moja, wanapigwa na upepo wa ziwa.

Muhula umeanza. Chuo chetu cha ualimu kimetangaza kwamba mabweni yamejaa, sisi wa mwaka wa pili tujitafutie vyumba mjini. Nimepata chumba cha uani kwenye gesti ya Mapumziko, karibu na stendi. Mwenye gesti anaitwa Mwanahawa, ila mji mzima unamwita Mama Thabiti, kwa jina la mwanawe aliyeko Songea. Ni mjane. Marehemu mumewe alimtoa Kilwa wakaja huku kuuza vitenge, na alipofariki yeye akajenga gesti. Mama yangu humletea usipa, dagaa wa ziwa letu, wa kupikia wageni, na ni kwa heshima ya usipa huo nimepewa chumba.

Sharti lake ni kwamba nirudi kabla geti halijafungwa. Nikamweleza kuwa mimi hupiga picha usiku.

"Picha za nini usiku?"

"Za taa, mama. Yale mabango yanayowaka."

"Taa si zipo tu, mwanangu? Nani atakaa aangalie picha ya taa?"

Alitikisa kichwa, kisha akanipa ufunguo wa geti dogo.

Alhamisi, 6 Juni

Kahawa imeanza kuiva na mji umeanza kuwaka. Msimu ukifika, kila mwenye baa, gesti au duka la dawa anapanda ngazi na kitambaa, anafuta vumbi la mwaka mzima kwenye bango lake, anachomeka waya. Watu wa Mkumbi na Ukata watashuka na fedha za kahawa, na kila mtu anataka aonekane yeye kwanza. Nyekundu, kijani, zambarau. Mwanachuo mwenzangu Valence anasema hizo si neoni halisi, ni vitaa vidogo vya Kichina vilivyopangwa ndani ya herufi. Kwangu ni mamoja. Ukungu ukishuka barabarani, rangi inatoka kwenye herufi inaenea hewani, na hata duka la kuuza misumari linapendeza.

Kamera ni ya mjomba Placidi, aliyekuwa akipiga picha za kipaimara kabla mgongo haujamshinda. Valence ana ukurasa wake mtandaoni unaoitwa Mbinga Usiku. Mimi napiga, yeye anaandika maneno na kurusha. Jina langu halitajwi. Nilitaka hivyo mwenyewe, maana baba ni katekista na anaamini kwamba usiku najisomea.

Valence ana maneno. Akisema kitu darasani, hata mkufunzi anageuka ukutani ili acheke.

Jumapili, 9 Juni

Misa. Kufua. Maji kama barafu.

Jumamosi, 15 Juni

Jana umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukaunguza friji mbili mtaani. Kwenye bango la Mama Thabiti umeua herufi tatu za katikati. Nilikuwa natoka na kamera nikainua macho. Badala ya MAPUMZIKO, juu ya mlango wa gesti palikuwa pamewaka, kwa herufi nyekundu kubwa kama meza:

MA      ZIKO

Nilicheka peke yangu barabarani mpaka nikashika ukuta. Kisha nikasimamisha kamera upande wa pili, kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi. Ukungu ulikuwa mzito. Mlangoni alikuwa amekaa Mama Thabiti mwenyewe kwenye kiti cha plastiki, amejifunika kitenge, anasubiri wageni chini ya neno lile, wala hajui.

Sijawahi kupiga picha nzuri kama hii.

Jumatatu, 17 Juni

Valence ameirusha. Chini yake ameandika: "Chumba kimoja, kitanda kimoja, hakuna kutoka asubuhi."

Chuo kizima kimeiona. Mpishi wa bwaloni ameiona. Kabla ya jioni ilikuwa imefika Songea na kurudi, nikatumiwa na binamu yangu wa Dar es Salaam akiuliza kama huu ndio mji ninaosoma. Sikumjibu kwamba picha ni yangu, lakini nilitembea siku nzima kama aliyevaa viatu vipya.

Alhamisi, 20 Juni

Mama Thabiti ameonyeshwa. Aliyemwonyesha ni muuza nyama. Alicheka naye, akarudi akaniambia mimi, "Kumbe nimegeuka mchimba makaburi." Alicheka tena, kidogo zaidi. Akampigia fundi. Fundi kasema vifaa vinatoka Dar, avumilie.

"Si uzime kwanza, mama?"

"Nikizima watadhani nimefunga. Msimu ndio huu."

Jumatano, 26 Juni

Jina limeshika. Bodaboda wa stendi hawasemi tena Mapumziko. Abiria akishuka na begi wanamwita, "Mzee, twende Maziko, kuna nafasi." Wote wanacheka, na abiria akielezwa sababu anacheka pia, halafu anakwenda gesti nyingine.

Watoto wa shule ya msingi wakipita hapa wanatembea polepole, wamefunga mikono kifuani, wanaimba wimbo wa msiba.

Ijumaa, 28 Juni

Mvua ya manyunyu isiyo ya wakati wake. Wanaoanika kahawa wamelalamika siku nzima.

Jumamosi, 6 Julai

Vyumba vyote vitupu ila kimoja. Mama Thabiti anatandika vitanda kila asubuhi hata hivyo, anakunja pembe za mashuka, anafungua madirisha. Leo amenipikia chai ya tangawizi, akakaa nami jikoni.

"Wewe unaingia mitandaoni, Kalista. Huyo Mbinga Usiku ni nani?"

"Sijui, mama."

"Sitaki kugombana naye. Nataka tu kumwomba aitoe."

Nilimwambia kitu kikishaingia huko hakitoki. Hilo si uongo. Akasema, "Basi Mungu ampe maisha marefu," nikachukia jinsi alivyolisema bila hasira. Nikamwona ni mtu wa kujionyesha mwema.

Jumamosi, 13 Julai

Fundi amekuja. Jioni MAPUMZIKO iliwaka yote. Mama Thabiti alikuwa amepika pilau, akawaita majirani, akanipakulia sahani kubwa na paja la kuku. Alisimama barabarani akiangalia juu kama anayeangalia mtoto aliyepanda mti. Muuza nyama alikula sahani mbili.

Nilimtumia Valence ujumbe kuwa bango limepona. Akajibu, "Wameharibu." Kwenye ukurasa wake watu wanauliza Maziko iko wapi. Wanasema mabango mengine hayana ladha.

Na kweli, mimi pia nilikwenda leo kupiga baa ya kijani, saluni ya zambarau, duka la dawa. Hakuna aliyejali.

Jumamosi, 20 Julai

Ni usiku sana. Naandika hivyo hivyo.

Usiku huu nilisimama kwenye lile baraza la duka la vifaa. Nilikuwa nataka bango zima, na ukungu, na barabara tupu. Kamera ilikuwa kwenye stendi yake ya miguu mitatu. Mara wakatokea watu watatu kutoka upande wa chuo, kofia za masweta vichwani, wanacheka kwa sauti ya chini. Walisimama chini ya bango. Mmoja akaokota jiwe.

La kwanza liligonga ukuta. La pili lilipasua herufi M ya katikati, ikazimika. Walikuwa waangalifu. Hawakutaka kugusa A wala Z. Mrushaji akikosea wenzake wanamnong'oneza aende kushoto, ashushe mkono, kama watu wanaotundika picha ukutani. Ikafa U. Ikabaki P.

Mrushaji alikuwa Valence. Niliijua sauti yake kabla sijauona uso.

Ningeweza kumwita jina. Ningeweza hata kukohoa, wangekimbia. Nilibonyeza kitufe. Kamera inapopiga gizani inakaa imefumbua macho kwa muda, na anayetembea anatoka kama moshi. Wale wawili wametoka hivyo. Lakini Valence alikuwa amesimama tuli, shingo juu, anangoja aone jiwe limefika wapi. Uso wake umetoka wote, mwekundu, mdomo wazi, ana furaha kama mtoto siku ya Krismasi. Na P imenaswa ikiwa inapasuka.

Wakakimbia. Mama Thabiti akatoka na tochi, hana viatu. Alimulika vipande chini, akamulika bango, akamulika barabara. Mwanga ukanikuta. Nilikuwa nafungasha.

Alikuja akanifungulia geti. Hakuwa amekasirika bado, alikuwa anahema tu.

"Umewaona?"

"Nani, mama?"

"Kalista. Ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwa narekebisha lenzi."

Akanimulika usoni kwa tochi. Kisha akaishusha, akaanza kuokota vipande kimoja kimoja, akiviweka kwenye upindo wa kitenge.

Niko chumbani. Naiangalia ile picha kwenye kioo kidogo cha kamera. Ile ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha. Hii ni nzuri.

Jumapili, 21 Julai

Misa. Sikupokea komunyo. Nilisema naumwa tumbo.

Jumanne, 23 Julai

Nilimwonyesha Valence ile picha nyuma ya maktaba. Nilidhani atacheka. Alibadilika rangi.

"Nani mwingine ameiona?"

"Hakuna."

"Wakiiona nafukuzwa chuo. Futa."

Sikufuta. Tangu saa hiyo amekuwa mpole kwangu ajabu. Ananibebea vitabu. Ananinunulia maandazi. Sijawahi kutunzwa hivi na mtu yeyote, na sitaki kujiuliza sababu.

Jumatatu, 29 Julai

Amekuja mgeni. Mzee Ildefonsi, mkulima wa kahawa kutoka Ukata. Kila msimu akija mjini kwa mambo ya chama cha ushirika hulala hapa, toka enzi za marehemu. Bodaboda walimtania stendi, akawaambia kwa umri wake wanamwonyesha njia sahihi. Ni mwembamba, ana kikohozi kinachomkunja. Alituhadithia jinsi alivyochimba ngoro mpya za maharage mwaka huu, shimo kwa shimo, kwenye mteremko ambao vijana wake wameukataa. Mama Thabiti alichangamka siku nzima. Alimpikia usipa wa mama yangu.

"Hili bango lako, mama," mzee alisema, "limenikumbusha niandike wosia." Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu wazima.

Alhamisi, 1 Agosti

Mzee Ildefonsi amefariki. Nitaandika jinsi ilivyokuwa, kwa sababu mjini wanasimulia vingine.

Usiku kikohozi kilimzidi. Mama Thabiti alikuwa naye, amemkalisha kitandani, anamkanda mgongo kwa maji ya moto. Alinigongea. "Kimbia stendi, lete bajaji, tumpeleke hospitali."

Nilikimbia kweli. Palikuwa na bajaji moja tu, na dereva wake, Steven, amejifunika blanketi.

"Kuna mgonjwa. Twende haraka."

"Wapi?"

"Mapumziko."

"Sipajui hapo."

"Steven, mgonjwa anakufa."

"Mimi nauliza wapi. Pana jina lake siku hizi." Alikuwa anatabasamu. Alidhani nimetumwa na vijana, kwamba hata mgonjwa ni sehemu ya mchezo. "Sema jina nikupeleke."

Nilisema. Nilisema Maziko. Akacheka, akasema nirudie kwa sauti, nikarudia. Ndipo akawasha.

Tulipofika Mama Thabiti alikuwa amekishika kichwa cha mzee mapajani. Tulimbeba watatu. Mkono wake ulikuwa bado wa moto. Alikata roho njiani, kabla ya geti la hospitali. Steven alizima injini akakaa ameshika usukani, hakushuka.

Hyasinti, mtoto wa mzee, alifika asubuhi na gari la kukodi. Mama Thabiti alimpa kofia ya baba yake na begi, vitu vyote vimekunjwa vizuri. Hyasinti alivipokea, kisha akasema mbele ya watu waliojaa barabarani:

"Umeandika maziko mlangoni mwako halafu ukamlaza baba yangu. Ulikuwa unangoja nini kingine?"

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na muuza nyama. Muuza nyama alitazama chini, mimi nikatazama bango.

Jumamosi, 3 Agosti

Mgeni hakuna. Usiku mtu amepaka majivu kwenye geti.

Jumatatu, 5 Agosti

Valence hakuandika chochote kuhusu mzee. Ila ameirusha tena picha yangu ya kwanza, bila neno hata moja. Hajawahi kupata watu wengi hivyo.

Ijumaa, 9 Agosti

Upepo. Vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye meno.

Mama Thabiti amepeleka shauri ofisi ya mtaa. Amesema waliovunja bango ni wanachuo, na sauti ya mmoja anaitambua kwa sababu huja getini kuniulizia. Tukaitwa wote leo. Ofisi ilijaa, wengine wakachungulia dirishani. Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Stephano, si mtu mbaya. Alitaka tu yaishe kabla ya chakula cha mchana.

Valence alikana kwa upole, mikono nyuma. Alimwita "mama yangu". Wenzake wawili wakakana baada yake.

"Una shahidi?" mwenyekiti aliuliza.

"Ninaye," Mama Thabiti alisema. "Kalista anakaa kwangu. Usiku ule alikuwa ng'ambo ya barabara na kamera yake. Nilimkuta kwa tochi. Mtoto huyu nakula naye sahani moja, atasema."

Nikainuliwa. Niliwaza nikisema nimewaona, wataomba kamera. Wakiiona picha ya Valence wataiona na ile ya kwanza, na mji utajua nani aliwapa kicheko, na Hyasinti atajua, na baba atajua. Hayo niliyawaza. Lakini lililonisukuma hasa ni dogo zaidi: Valence alikuwa ananitazama, na nilitaka aendelee kunitazama vile.

"Sikuona mtu," nilisema.

"Ulikuwa umesimama umbali gani?"

"Ng'ambo tu. Lakini mimi macho yangu usiku hayaoni vizuri, mwenyekiti. Ni tatizo langu tangu utotoni."

"Sasa unapigaje picha usiku?"

"Kamera ndiyo inayoona."

Watu walicheka. Kicheko kizito cha chumba kizima, hata mwenyekiti alifunika mdomo kwa faili. Mama Thabiti hakucheka. Alinitazama kama anayesoma maandishi madogo.

Mwenyekiti akasema basi, mama amewataja vijana wa watu bila ushahidi, tena walimu wa kesho, inafaa yaishe kwa kuombana radhi. Mama Thabiti aliinuka. Alishika ncha za mtandio kwa mikono miwili.

"Nisameheni, wanangu."

"Tumekusamehe, mama," Valence alisema.

Tulirudi njia moja, mimi na Mama Thabiti, yeye mbele. Getini akasimama.

"Umesema huoni."

Nilitafuta ufunguo mfukoni.

"Sawa," akasema, akaingia ndani.

Jumapili, 11 Agosti

Valence alinisubiri nje ya kanisa. Alisema mimi ni mtu wa kuaminika, kisha akaniomba nifute ile picha, sasa yamekwisha. Nikafuta mbele yake. Akaichukua kamera kwa mikono yake mwenyewe, akapekua zote hadi mwisho, akahakikisha.

Jumamosi, 17 Agosti

Tangu nilipofuta hajanipigia simu. Jana nilimkuta bwaloni amekaa na msichana wa mwaka wa kwanza. Aliniita "dada Kalista", akamweleza yule msichana kwamba mimi usiku sioni, nishikwe mkono nisije nikajikwaa. Meza yote ikacheka.

Jumatano, 21 Agosti

Mama Thabiti hawashi tena bango. Ananisalimu. Anaitikia shikamoo yangu. Chai ananiachia jikoni, imefunikwa na kisahani. Ningefurahi kama angenitukana.

Jumamosi, 31 Agosti

Thabiti amekuja kutoka Songea na lori. Gesti imeuzwa kwa mfanyabiashara anayetaka ghala la kahawa. Nilisaidia kubeba magodoro. Thabiti alinishukuru, inaonekana hajaambiwa lolote. Mama yake atapumzika kwake kwanza, halafu huenda akarudi Kilwa, ambako aliowajua wengi wamekwisha.

Nilihamia kwa mwenzangu mmoja, kwa siku zilizobaki. Kuagana kulikuwa hivi:

"Msalimie mama yako," alisema.

"Zimefika, mama."

"Hapana, usiseme zimefika. Nitakwenda kumsalimu mwenyewe. Amenilisha samaki miaka mingi."

Alipanda mbele, karibu na dereva. Hakugeuka kuangalia nyumba.

Jumamosi, 14 Septemba. Ngumbo

Likizo. Joto, na moshi wa mashamba yanayochomwa umefunika milima. Gari lilinishusha jioni. Sikutegemea kumkuta mtu, lakini baba alikuwa amesimama barabarani. Baba yangu Henry, katekista, ambaye hajawahi kumpokea mtu yeyote chini ya padri. Alichukua begi. Kisha akanishika kiwiko.

"Polepole," alisema. "Hapa pana shimo."

Nilidhani amezeeka ghafla, kwamba ni yeye anayehitaji kushikwa.

Jumapili, 15 Septemba

Mama amenieleza tukiwa tunageuza usipa juani.

Mama Thabiti alikuja wiki iliyopita. Alilala hapa siku mbili, alikula nao, alimletea mama mashuka mapya ya gesti. Mama hajui gesti iliuzwa kwa nini, ameambiwa biashara imechoka. Siku ya kuondoka ndipo aliposema.

"Akaniambia, 'Theresia dada yangu, mtoto wako ana ugonjwa wa macho. Usiku haoni. Alisema mwenyewe ofisini, mbele ya mwenyekiti na watu wote, akasema ni tangu utotoni. Nikaona usije ukaambiwa na mtu baki.' Akatushika mikono, mimi na baba yako. Alitoa machozi, Kalista."

"Na ninyi mkaamini."

"Yule mama hajawahi kunipunja hata kopo moja la usipa. Atoke kule mpaka huku aje kutudanganya?"

Baba ameuza nguruwe wake wote wawili, yule jike na dume aliyekuwa anamlea kwa ajili ya jubilei ya ndoa yao. Jumatano tunakwenda kwa daktari wa macho. Kamera ameshaipeleka kwa mjomba Placidi asubuhi nikiwa bado nimelala, akamwambia ndiyo iliyonimaliza macho.

Jumatatu, 16 Septemba

Mama anamlaumu baba kwamba alininyima karoti na mboga nikiwa mdogo. Baba anamlaumu mama kwa moshi wa jikoni. Wanagombana kwa sauti ya chini, wakidhani na masikio yangu hayasikii. Kanisani jana jioni waliniombea, na baba ndiye aliyeongoza sala. Sauti ilimkatika katikati, mzee wa kanisa akamalizia.

Jumanne, 17 Septemba

Nilikuwa nimeamua kusema leo.

Baada ya chakula baba alisema tutembee hadi pwani. Jua lilikuwa limezama upande wa Malawi na giza lilikuwa limeshuka kwenye maji. Mbali, wavuvi wa usipa walikuwa wamewasha taa zao, mstari mrefu wa taa nyeupe, kama mtaa. Baba akanisimamisha mchangani.

"Zile taa. Unaziona?"

"Naziona, baba."

"Unaziona, au unaona kama mwanga tu?"

"Naziona moja moja."

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Usinidanganye ili kunihurumia," alisema. "Kama ni nguruwe, nguruwe wanazaa tena. Mama yule alitueleza. Ulilisema mbele za watu wazima, na wewe si mtoto wa kusimama mbele za watu wazima ukasema uongo. Hilo nalijua. Nimekulea mwenyewe."

Taa zilikuwa pale. Ningeweza kumwambia ya kushoto kabisa inayumba, na kwamba mbili za katikati zimeunganishwa na kivuli cha mtu aliyesimama. Maneno yalikuwa tayari kooni. Nilimwangalia. Alikuwa amegeuza uso kwangu, amekaza macho, anangoja, naye hakuwa na woga wa jibu lolote isipokuwa moja, na hilo moja hakujua kama lipo.

"Sioni vizuri, baba," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Akaninyooshea mkono, nikaushika. Tukaanza kurudi nyumbani, yeye nusu hatua mbele.

"Hapa pana mzizi," alisema. "Inua mguu."

Nikauinua.